Programu za vijana baada ya sera mpya: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Katika muda usiozidi wiki mbili mwanzoni mwa 2025, mashirika ya Tanzania yanayoendesha klabu za stadi za maisha, kambi za likizo na mafunzo ya uongozi kwa vijana yalipata habari mbili nzito. Tarehe 20 Januari Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Februari Rais Samia Suluhu Hassan akazindua jijini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023. Tangu hapo wengi wetu tunaosaidia kuandika maandiko ya miradi tumekuwa tukipangua ratiba na bajeti kwa wakati mmoja, na nimebaini kwamba makosa mengi yanayofanyika hayasababishwi na ukali wa kanuni, bali na watu kuzisikia kanuni hizo kwa wengine bila kuzisoma. Hizi hapa kauli ninazozisikia mara kwa mara, kila moja na jibu lake.

“Sera mpya inahusu darasani, sisi tunakutana na vijana baada ya masomo.”

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu inamfanya mratibu aendelee kutumia umri na madarasa ambayo muda si mrefu hayatakuwapo. Sera inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani miaka 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 atamaliza msingi akiwa na miaka 12 hivi, na kidato cha nne akiwa na 16. Kwa hiyo yule “mhitimu wa darasa la saba aliye mtaani”, ambaye maandiko yetu ya miradi yamemtaja kwa miaka mingi kama mlengwa wa kwanza, hatakuwapo tena kisheria. Atatakiwa kuwa shuleni, na akiwa mtaani atakuwa mtoro anayepaswa kurudishwa darasani kabla ya kualikwa kwenye mafunzo ya ujasiriamali.

Kuna jambo jingine ambalo wachache wamelipigia hesabu. Mitaala mipya ilianza Januari 2024 kwa madarasa machache, likiwamo darasa la tatu, huku waliokuwa darasa la nne mwaka huo wakiendelea na utaratibu wa zamani. Wa darasa la tatu watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na wa darasa la nne watamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Anayeandika leo mradi wa miaka mitatu kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, akakadiria idadi ile ile kila mwaka, atajikuta na walezi wachache, madaftari pungufu na chumba cha klabu ambacho shule imeshakigeuza darasa. Ni afadhali kuliweka hilo kwenye bajeti mapema kuliko kumwandikia mfadhili barua ya kuomba radhi katikati ya mwaka.

Mabadiliko ya namna hii hayakuanza na sera hii. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata ujauzito akiwa katika shule ya serikali hakuwa na njia ya kurudi katika mfumo rasmi, na programu nyingi zilijengwa juu ya ukweli huo: ushonaji, mapambo, mitaji midogo. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango wa kurejea, na kando yake ipo njia mbadala ya sekondari inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Hata hivyo, bado zipo programu ambazo swali la kwanza kwa binti huyo ni ufundi gani anaupenda, badala ya kumuuliza kama angependa kurudi shuleni.

“Mtaala sasa una maadili na biashara, hivyo kazi yetu imekwisha.”

Ni kweli kwamba kidato cha kwanza cha sasa kina masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili, na Elimu ya Biashara, na kwamba mwanafunzi anaweza kufuata mkondo wa jumla au wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Klabu inayofundisha jinsi ya kuandika mpango wa biashara itakuwa inarudia kipindi cha asubuhi, na wanafunzi watachoka nayo. Lakini darasa lenye mtihani mwishoni halimpi kijana nafasi ya kuongoza kikao, kushindwa hadharani na kujaribu tena wiki inayofuata, wala kumweleza mtu mzima anayemwamini kwamba nyumbani hali si shwari. Klabu iachie darasa nadharia, ibaki na mazoezi.

“Tumesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali, tunaweza kuingia shule yoyote.”

Hapana. Usajili unalipatia shirika uhai wa kisheria tu. Kuingia katika shule za umma kunahitaji kibali cha mamlaka za serikali za mitaa zinazozisimamia, na kitabu au mwongozo wa kufundishia shuleni unahitaji ithibati ya Kamishna wa Elimu. Shirika moja ninalolifahamu lilipoteza muhula mzima kwa sababu lilianza na mkuu wa shule aliyelikaribisha kwa moyo mweupe, badala ya kuanza na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri.

“Asilimia 10 ya halmashauri itaziba pengo la mfadhili.”

Tangu Julai 2025, pale shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipokoma kuendesha miradi na majukumu yaliyobaki kuhamia Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, sentensi hii imekuwa ikisikika karibu kila kikao. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ni mkopo usio na riba, unaotolewa kwa vikundi vyenye shughuli ya kuingiza kipato na kurejeshwa ili wengine wakope. Si ruzuku, na shirika haliwezi kuitumia kulipa posho za wawezeshaji wala kukodi ukumbi.

Mikopo hiyo pia ilisimamishwa Aprili 2023, kufuatia kasoro zilizoibuliwa na ukaguzi, na ikarejeshwa Oktoba 2024 kwa utaratibu mpya ambao katika halmashauri 10 za majaribio unapitia benki. Kikundi kinachotegemea chanzo hiki kimoja tu cha fedha kinaweza kusubiri mwaka na nusu.

Tena lipo suala la umri. Sera ya vijana inamtambua kijana kuanzia miaka 15, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi atimize 18, na mkopo unahitaji mtu mzima anayeweza kuingia mkataba. Miaka hiyo mitatu ya katikati haina mkopo wowote, na kwa maoni yangu ndipo fedha kidogo ya ruzuku iliyobaki inapopaswa kuelekezwa.

“Bajeti ikipungua kwa theluthi, tukate theluthi kila mahali.”

Hesabu hii ni sawa kwenye karatasi. Ila mlezi wa klabu akilipwa theluthi mbili ya nauli hafiki theluthi mbili ya njia, anabaki nyumbani. Kufunga klabu za shule kadhaa kwa utaratibu na kuaga vizuri, ukabakiza chache zinazokutana kila wiki, kuna faida kuliko kutawanya vikao vya mara moja kwa mwezi wilaya nzima.

“Kutangaza fedha ni kazi ya mashirika makubwa.”

Kanuni za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali zinagusa kila fedha inayozidi shilingi milioni 20, kiasi ambacho kambi moja ya likizo yenye vijana mia hukifikia bila shida. Mkataba wa fedha hiyo unatakiwa kuwasilishwa Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10, nazo huanza kuhesabiwa siku ya kusaini, si siku fedha inapoingia benki.