Fanksheni safi ni ipi, na kwa nini map pekee haitoshi

Kuna sentensi ambayo haikosi kusikika kwenye mihadhara ya watengeneza programu: "Mtindo wa kifanksheni ni kuandika programu kwa kutumia fanksheni." Msemaji huitamka bila wasiwasi, anageuza slaidi, wasikilizaji wanaitikia kwa vichwa, mambo yanaendelea. Kwa maana hiyo, kila aliyewahi kuandika mistari kumi ya lugha ya C amekuwa kwenye mtindo huo tangu siku ya kwanza. Toleo la pili, lenye heshima kidogo, linasema ukiacha kitanzi cha for (amri ya kurudiarudia hatua) ukashika map, filter na reduce, yaani fanksheni zilizo tayari za kubadilisha, kuchuja na kujumuisha vitu vya orodha, umeshahamia huko. Hilo nalo si kweli, ingawa linakaribia.

Maana yenyewe ni fupi. Fanksheni safi ni ile ambayo jibu lake linategemea tu kile ulichoipa, na ambayo ikishakupa jibu inakuwa haijagusa kitu kingine: haijaandika kwenye faili, haijabadilisha kigeu (jina linaloshika thamani) cha nje, haijachapisha chochote kwenye skrini. Kusoma saa au kuchukua namba ya bahati nasibu pia kunaiharibu, maana jibu la sasa halitakuwa jibu la baadaye. Mtindo wa kifanksheni ni kuijenga programu kwa kuunganisha fanksheni za namna hiyo kadiri inavyowezekana, na zile kazi zinazogusa dunia ya nje kuzisogeza pembezoni, zionekane. Kipimo ni kimoja. Nenda popote fanksheni ilipoitwa, ufute mwito wenyewe, uandike jibu lake mahali pale. Programu ikiendelea kufanya kilekile ilichokuwa ikifanya, fanksheni ni safi.

Sasa, mkanganyiko umetoka wapi? Wanahisabati walikuwa na fanksheni zao kabla kompyuta hazijawazwa: kwa kila unachoingiza, jibu moja, basi. Hakuna "kufanya" ndani yake. Kipeo cha pili cha 3 hakisubiri mtu akikokotoe ndipo kiwe 9. Kisha zikaja lugha za kompyuta. Fortran II, mwaka 1958, ilimruhusu mwandishi kutengeneza aina mbili za vipande vyake mwenyewe: FUNCTION kwa kinachorudisha thamani, na SUBROUTINE kwa kinachofanya kazi fulani. Pascal ya mwaka 1970 ikaendelea na utengano huo, ikiwa na function upande mmoja na procedure upande wa pili. Hata hivyo, hakuna kilichoizuia function ya Pascal kuvuruga vigeu vya nje, kwa hiyo mstari ulichorwa lakini haukulindwa. Halafu C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaufuta kabisa: kila kitu ni fanksheni, hata kisichorudisha chochote. Lugha nyingi tunazotumia leo zilirithi tabia hiyo ya C. Ndiyo maana mtu anaweza kuita fanksheni kipande kinachotuma barua pepe, kinafuta safu kwenye hifadhidata, kisha kinarudi mikono mitupu. Kwa hisabati, hicho si fanksheni hata kidogo. Ni agizo.

Kwa hiyo neno "kifanksheni" kwenye jina la mtindo huu linarudi kwa wanahisabati, likiiruka C. Msemaji asipolieleza hilo mapema, slaidi zote zinazofuata zitasomwa vibaya.

Chukua mfano ambao hupendwa sana kwenye slaidi, wa kutafuta alama ya katikati darasani. Kwa JavaScript huandikwa hivi: alama => alama.sort((a, b) => a - b)[Math.floor(alama.length / 2)]. (Orodha yenye idadi shufwa tuiache kwa sasa.) Mstari mmoja, una mishale miwili, hauna kitanzi wala kigeu kinachobadilishwa. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: FANKSHENI SAFI. Ipitishe kwenye kipimo. Tuseme jibu ni 54. Ukifuta mwito ukaweka 54, je, programu itafanya kilekile? Hapana. Sort ya JavaScript haitengenezi orodha mpya, inaipanga upya ileile uliyoipa. Aliyeiita alikuwa na orodha ya majina na orodha ya alama, zikienda sambamba. Alitaka tu kujua alama ya katikati, na sasa mwanafunzi wa kwanza kwenye majina ana alama za aliyeshika mkia. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini, na orodha haitalalamika. Na kama alama zilitangazwa kwa const, haisaidii kitu: const inazuia jina lisielekezwe kwenye orodha nyingine, haizuii yaliyomo ndani ya orodha kuchezewa. Hilo nalo ningeshukuru kama tungeacha kulifundisha kinyume.

Python ilikuwa na uungwana zaidi hapa, kwa kuwa ina sort inayopanga palepale na kurudisha None, na sorted inayokupa orodha mpya. Ukichanganya, utagundua mapema.

Kinachoniudhi zaidi ni upande wa pili wa kosa hilohilo. Mtu anaandika fanksheni ya kujumlisha, ndani yake anaweka kigeu jumla = 0, anakiongeza kwa kitanzi cha kawaida, mwisho anakirudisha. Anasimama mtu kwenye maswali na kusema, "Hiyo si ya kifanksheni, umebadilisha kigeu." Lakini kigeu hicho kilizaliwa ndani na kikafia ndani, hakuna aliyekiona. Ukiipa orodha ileile utapata jumla ileile, na mwito wake unaweza kubadilishwa na jibu bila mtu kugundua. Ni safi. Wakati huohuo, map ambayo ndani yake inasukuma vitu kwenye orodha ya nje si safi, hata ikivaa mishale mingapi. Watu wa Haskell (lugha inayosisitiza usafi), ambao hakuna anayeweza kuwashuku kwa ulegevu, walilitambua hili rasmi. Mwaka 1994 John Launchbury na Simon Peyton Jones walichapisha njia ya kubadilisha thamani ndani ya hesabu, huku mfumo wa aina, yaani sehemu ya lugha inayokagua aina za thamani kabla programu haijaendeshwa, ukihakikisha mabadiliko hayo hayavuji nje. Usafi hupimwa mlangoni, kwa kile kinachoingia na kinachotoka.

Kuhusu historia, mihadhara mingi huruka kutoka kwa mwanahisabati Alonzo Church na kalkulasi yake ya lambda ya miaka ya 1930, mfumo wa kuandika hesabu kwa fanksheni tupu, hadi lugha ya Lisp ya John McCarthy, iliyoanza mwaka 1958, kana kwamba Lisp ilikuwa safi. Haikuwa. Ilikuwa na amri za kubadilisha vigeu tangu mapema, na hakuna aibu katika hilo. Haskell ni miongoni mwa zilizoshikilia usafi kwa lugha nzima, toleo la kwanza likitoka mwaka 1990. Na hapa ndipo wasemaji huwapoteza wasikilizaji: wanaanza na monadi, yaani namna ya kuunganisha hatua za hesabu moja baada ya nyingine. Haskell yenyewe haikuanza na monadi. Miaka yake ya kwanza ilisoma na kuandika kwa njia nyingine, ngumu kuzitumia, na monadi zikaja kuwa njia rasmi ya kuwasiliana na dunia kwenye toleo 1.3 la mwaka 1996. Zilikuwa jibu. Msikilizaji ambaye hajaonyeshwa swali, yaani programu safi itasomaje faili bila kuacha kuwa safi, hawezi kulielewa jibu hata uchore michoro mingapi.

Kwa hiyo slaidi ya alama haihitaji kutupwa. Badilisha sort iwe toSorted, iliyoingia kwenye JavaScript mwaka 2023, na kichwa cha juu kitakuwa kweli. Au, afadhali zaidi, ziache zote mbili kwenye skrini, uwaulize wasikilizaji ni ipi inayoweza kufutwa na kuwekewa 54 mahali pake, kisha unyamaze kidogo wafikiri. Ile sentensi ya "kutumia fanksheni" nayo inaponyeka kwa neno moja tu: sema "fanksheni safi", na dakika tano zinazofuata zitumie kwenye hilo "safi".