Cheti Kimechelewa: Ukuu Kazini Uhesabiwe Tangu Lini?

Watu wanaonijia na malalamiko ya ukuu kazini, yaani nani ahesabiwe mbele ya nani, karibu wote huanza na maneno mawili: "Mimi nilimtangulia." Mtu ana barua ya ajira ya tarehe ya mapema, na huyo anayemlalamikia alifundishwa kazi na yeye mwenyewe. Halafu tange, yaani orodha ya watumishi kwa ukuu, inatoka, jina lake liko chini. Sababu ni mtihani aliotakiwa kuufaulu, ambao yeye aliufaulu mwisho. Anataka nimwambie kwamba ameonewa. Kuna siku namwambia hivyo, maana kweli kaonewa. Siku nyingine naomba nione barua yake ya ajira, na humo ndani nakuta sharti ambalo hakulisoma kwa sababu macho yalikimbilia mshahara.

Kwangu kazi huanza na swali moja: sifa iliyotakiwa, iwe cheti, leseni au mtihani, ilikuwa mlango au ilikuwa deni?

Mlango ni pale muundo wa utumishi unaposema mwombaji awe na shahada fulani, leseni fulani, usajili fulani. Bila hicho huingii katika kada. Lakini maofisini watu huingizwa hivyo hivyo, kwa sababu ya uhaba, au kwa sababu mkuu aliona kijana anajituma. Anafanya kazi miaka minne, anasoma jioni, anapata cheti. Miaka ile minne alifanya kazi kweli na alilipwa. Hata hivyo, kwa hesabu ya ukuu alikuwa bado nje ya mlango, na aliyeingia na cheti mkononi mwaka wa pili yuko mbele yake.

Deni ni tofauti. Hapa kanuni inakuajiri kihalali tangu siku ya kwanza, kisha inakupa muda: ufaulu mtihani wa idara ndani ya miaka miwili, au upate leseni kabla ya kuthibitishwa kazini. Umeshaingia. Kinachobaki ni kujua kanuni imesema nini juu ya anayechelewa kulipa.

Mashauri ya namna hii nimeyasoma mengi, na yaliyonifundisha zaidi yametoka India, nchi ambayo watumishi wake wa umma hupelekana mahakamani kwa sababu ya tange bila kuchoka. Mwaka 1986, katika shauri la Shitala Prasad Shukla, Mahakama ya Juu ya huko ilishughulika na mwalimu ambaye uteuzi wake wa mwanzo haukufuata utaratibu, ukaja kuhalalishwa baadaye. Alitaka ahesabiwe tangu alipoanza. Mahakama ilitumia mfano wa mito. Walioajiriwa kwa utaratibu wako katika mto wao, na walioajiriwa kinyume chake wako katika mto mwingine. Mito hiyo hukutana siku uteuzi unapohalalishwa, na kuanzia hapo mtu anaweza kujilinganisha na wanaoingia baada yake, lakini hawezi kuwaruka waliokwisha kuwamo. Mfano huo naupenda kwa sababu haumdharau mtu. Unakiri kwamba maji yake nayo yalikuwa yanatiririka, ila kwingine.

Miaka minne baadaye, mwaka 1990, majaji watano wa mahakama hiyohiyo waliamua shauri la wahandisi wa jimbo la Maharashtra, waliopandishwa vyeo upande mmoja na walioajiriwa moja kwa moja upande wa pili. Walisema aliyeteuliwa kwa kufuata kanuni ahesabiwe tangu tarehe ya uteuzi, wala si tarehe ya kuthibitishwa. Hoja iko wazi kwa yeyote aliyewahi kusubiri barua ya kuthibitishwa: inaweza kukaa mezani kwa mtu mwaka mzima bila kosa lako. Lakini majaji hao hao walisema aliyewekwa kuziba pengo tu, nje ya kanuni, muda wake wa kukaimu hauhesabiwi. Mara nyingi nakutana na wanaonukuu sentensi ya kwanza ya uamuzi huo na kuisahau ya pili.

Sasa turudi kwenye deni, maana huko ndiko kwenye ugomvi. Kanuni ikisema wazi kwamba anayefaulu nje ya muda atapangwa chini ya waliofaulu kabla yake, hakuna cha kubishana, hata kama ulitangulia kuajiriwa. Ikisema nyongeza ya mshahara itasimama mpaka ufaulu, basi adhabu ni hiyo ya nyongeza. Nimewaona maofisa utumishi wakizuia nyongeza na papo hapo wakamshusha mtu kwenye tange, ati "ndivyo tunavyofanya siku zote". Msimamo wangu sijaubadili kwa miaka: adhabu ambayo haikuandikwa haipo. Kanuni ikinyamaza, mtu abaki na tarehe yake ya uteuzi, mradi uteuzi wenyewe ulikuwa halali.

Kuna pia tarehe ndani ya tarehe. Kufaulu ni siku uliyofanya mtihani, siku matokeo yalipotangazwa, au siku cheti kilipochapishwa? Ziko kanuni zinazotaja siku ya mwisho ya mtihani, na huo ndio uandishi mzuri. Zisipotaja, mimi hushika siku ya matokeo. Tarehe ya cheti siikubali kirahisi. Mashine ya kuchapa ikiharibika isimpange mtu nyuma ya mwenzake waliyefaulu naye siku moja.

Je, mwajiri ndiye aliyechelewesha? Mtihani haukuandaliwa miaka mitatu, au ruhusa ya kwenda kuufanya ilinyimwa. Hapa mizani inageuka. Marekani wana kanuni waliyoianza katika shauri la Fishgold, mwaka 1946, kuhusu askari aliyerudi kazini: ukuu ni kama ngazi ya umeme inayopanda yenyewe, naye anarudishwa pale ambapo angekuwa kama asingeondoka. Chini ya sheria yao ya mwaka 1994, askari aliyekosa mtihani wa kupandishwa cheo kwa sababu ya utumishi wa jeshi hupewa nafasi ya kuufanya, na akifaulu na kustahili cheo hicho, tarehe hurudishwa nyuma. Mwaka 1976, katika shauri la Franks dhidi ya kampuni ya malori ya Bowman, mahakama yao ya juu ilikubali kuwarudishia ukuu watu walionyimwa kazi kwa ubaguzi wa rangi. Si mashauri ya vyeti haya, ila wazo linasafiri: mwajiri asivune faida ya kuchelewa alikokusababisha mwenyewe.

Shauri hilo la Franks lina jambo jingine ninalolitumia karibu kila wiki. Lilitenganisha ukuu wa aina mbili: ule wa mafao, yaani likizo na pensheni, na ule wa ushindani, unaoamua nani apande cheo au nani apunguzwe kwanza. Ukishushwa kwenye tange ya cheo, haina maana kwamba miaka yako ya kabla ya cheti imefutwa katika pensheni. Hizo ni hesabu mbili, kila moja na kanuni yake. Nimeona watu wakipigana miaka kwa ajili ya nafasi moja kwenye orodha huku mafao yao yamekosewa na hawajui.

Ukija kwangu na malalamiko ya namna hii, acha kwanza habari za nani alimfundisha nani. Niletee barua ya ajira, muundo wa utumishi uliokuwepo siku ile (si wa sasa), na karatasi ya matokeo. Na uje mapema, tange ikiwa bado rasimu. Ikishatumika kupandisha watu vyeo mara mbili tatu, hata mwenye haki huambiwa alinyamaza mno, na hao waliokwisha kupanda nao watakuwa na wakili wao.