Kwa nini mji wa baridi kali uwakataze watu kuwasha kuni?

Fairbanks, mji wa Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, joto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Maji ya moto ukiyarusha juu, yanageuka ukungu wa barafu kabla hayajagusa ardhi. Sasa, je, wajua kwamba ni katika majira hayohayo ambapo mamlaka hutoa tangazo la kuwataka wakazi wazime majiko yao ya kuni? Ukisikia mara ya kwanza utadhani ni ukatili. Sababu yake iko hewani.

Kwa kawaida hewa ya chini ndiyo yenye joto, na kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Moshi wa moto hupanda, ukachanganyika na hewa nyingi, ukapotelea mbali. Lakini usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake upesi na kuipoza hewa iliyoigusa. Hapo mambo hupinduka: baridi inakaa chini, joto linakaa juu. Hewa baridi ni nzito, hivyo haipandi. Moshi nao hupanda kidogo tu, ukifika kwenye hewa yenye joto unakwama na kutandazika, kama mvuke uliozuiwa na kifuniko cha sufuria. Waliokulia Njombe au Limuru wameshaona jambo hili alfajiri za mwezi wa saba: moshi wa jikoni umelala bondeni kama shuka, hauendi popote.

Tofauti ni kwamba kwetu jua likichomoza kifuniko hufunuka. Fairbanks imezungukwa na vilima pande tatu, na katika siku fupi kabisa za Desemba jua huonekana kwa muda usiofika saa nne kwa siku, tena likiwa chini sana. Halina nguvu ya kuipasha ardhi. Kifuniko kinaweza kukaa siku kadhaa mfululizo, na kila nyumba inaongeza moshi wake humohumo. Kwa hiyo usiku ambao watu wanauhitaji moto zaidi ndio usiku ambao hewa ina nafasi ndogo zaidi ya kuubeba moshi.

Na huo moshi ni nini hasa? Sehemu kubwa ni kuni ambazo hazikumaliza kuungua. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani, moto unapoa, moshi unazidi. Vivyo hivyo mtu anapobana tundu la hewa ili gogo limfikishe asubuhi: anaokoa kuni, jirani anakohoa. Zinazoogopwa zaidi ni chembe ndogo kuliko mikromita 2.5, ambazo unywele mmoja wa binadamu huzizidi upana karibu mara 30. Pua haizizuii, zinafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Kiwango cha Marekani ni kwamba chembe hizo zisizidi wastani wa mikrogramu 35 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24, na mwaka 2009 eneo la Fairbanks lilitangazwa rasmi kuwa halikitimizi.

Katazo lenyewe si la jumla. Watabiri wa hali ya hewa wakiona kifuniko kinakuja, hutolewa tahadhari ya ngazi ya kwanza: majiko ya zamani yazimwe, yale yanayochoma vizuri na yaliyosajiliwa yaendelee. Hali ikizidi, ngazi ya pili inawabakishia moto wale tu waliopewa kibali kwa sababu hawana njia nyingine ya kupasha nyumba. Hakuna anayeachwa agande.

Hata hivyo watu walikasirika, na mimi nawaelewa. Nyumba nyingi za huko hutumia mafuta, ambayo yakipanda bei yanamaliza mshahara, ilhali msitu uko nyuma ya nyumba. Mwaka 2018 wapiga kura waliinyang'anya halmashauri yao mamlaka ya kudhibiti moto wa majumbani. Basi kazi ikahamia kwa serikali ya jimbo.

Launceston, mji ulio bondeni katika kisiwa cha Tasmania, Australia, ulifuata njia nyingine. Badala ya kutegemea makatazo, kuanzia mwaka 2001 wenye nyumba walipewa fedha wabadilishe majiko ya kuni kwa vipasha joto vya umeme. Nyumba zenye kutumia kuni zikashuka kutoka asilimia 66 hadi 30, na vumbi la moshi la kipupwe likatoka mikrogramu 44 hadi 27. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta vifo vya wanaume vimepungua, jambo ambalo halikuonekana Hobart, mji mwingine wa Tasmania ambao haukuwa na mpango huo.

Montreal, Kanada, nao wana sheria tangu Oktoba 2018: jiko lisilotoa zaidi ya gramu 2.5 za chembe kwa saa ndilo linaloruhusiwa, na kukitangazwa hewa chafu hata hilo huzimwa. Ila wakazi hawajasahau dhoruba ya barafu ya mwaka 1998, iliyoangusha nguzo na kuwaacha mamilioni gizani. Ndiyo maana sheria ina mlango mmoja: umeme ukikatika kwa zaidi ya saa tatu, washa jiko ulilonalo.