Taa zilizowapita marubani wa Tornado

Jioni ya tarehe 5 Novemba 1990, marubani wa ndege za kivita za Uingereza aina ya Tornado, wakiwa juu ya Bahari ya Kaskazini, waliripoti kupitwa na chombo kikubwa chenye taa kadhaa. Hadi leo kisa hicho hutajwa kuwa ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine, kwa hoja kwamba rubani wa jeshi hawezi kukosea. Kwa kweli macho yao hayakukosea. Kilichokosewa ni umbali.

Siku mbili kabla, Wasovieti walikuwa wamerusha setilaiti ya Gorizont kwa roketi ya Proton, na jioni ile kipande cha roketi hiyo kilirejea katika angahewa, kikaonekana na watu wengi, hasa nchini Ufaransa. Mabaki ya namna hiyo huingia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na humeguka yakiwa kwenye kimo cha kilomita 80 hivi. Kila kipande huwaka peke yake, lakini vyote hufuata njia moja kwa mpangilio usiobadilika sana, hivyo mtazamaji huliona giza lililo kati ya nuru hizo kama bodi la chombo kimoja. Usiku hakuna cha kulinganisha nacho, kwa hiyo kitu kilicho mbali makumi ya kilomita huonekana kama kiko ubavuni mwa ndege. Kimondo cha kawaida huzimika baada ya sekunde chache; mabaki ya roketi, yakiingia kwa mshazari, huweza kuchukua dakika nzima au zaidi, tena bila mlio wowote.