Simu Yako Haioni Wingu

Juzi tena, barazani, kahawa chungu haijapoa, shemeji yangu kanitolea simu. "Nyinyi watu wa hali ya hewa mwalipwa kwa lipi? Hii yanipa utabiri bure." Nimechoka kulijibu kwa mdomo, sasa naliandika.

Simu haina jicho. Programu nyingi za utabiri huchota namba za GFS, modeli (hesabu ya kompyuta inayokisia hali ya hewa) ya NOAA, taasisi ya bahari na hewa ya serikali ya Marekani, inayoendeshwa mara nne kwa siku na kugawiwa bure.

Kinachonikera ni hiki. Modeli hiyo imeikata dunia miraba ya kama kilomita 13. Kisiwa cha Mombasa hakifiki nusu ya hapo kwa upana! Likoni, Nyali na kipande kizuri cha bahari vyaweza kuangukia mraba mmoja: joto moja, upepo mmoja, mvua moja. Ile mvua ya alfajiri ya kusi, inayomlowesha mtu Ferry na kumwacha mwenziwe Kongowea mkavu, mle haimo. Ukiona kikatuni cha wingu saa nane mchana, ujue ni hesabu ya mraba mzima, si ya mtaa wako.

Na hesabu hulishwa vipimo: setilaiti, maputo, maboya. Maboya ya RAMA, mtandao wa kupima bahari na hewa, upande wetu wa Bahari ya Hindi yalicheleweshwa miaka na maharamia wa Somalia. Mwaka 2025 NOAA ikafuta kazi mamia ya watu, na bajeti iliyopendekezwa ya 2026 ikataka kitengo chake cha utafiti kivunjwe. "Si kuna akili unde ya kutabiri?" utaniuliza. Ipo, na ni nzuri kuliko nilivyotaraji. Lakini imefunzwa kwa vipimo vya miongo ambavyo taasisi hizihizi zilivikusanya.

Nami nikiri: kutabiri masika hutushinda. Vuli, ukilijua joto la bahari, wakisia vyema. Lakini mvua hizo za Machi hadi Mei, nikitoa utabiri wa msimu huwa nameza mate kwanza.

Kahawa ilipokwisha, shemeji akauliza kama Jumamosi atoke kuvua. Nikamwambia aulize simu. Akacheka, akaitia mfukoni, akauliza tena.