Mafunzo ya taamuli katika kuacha sigara: maana yake na mipaka yake

Mafunzo ya taamuli kwa ajili ya kuacha sigara ni utaratibu wa kumzoeza mvutaji kuiangalia hamu ya sigara inapomjia, kuitambua jinsi ilivyo mwilini na akilini mwake, na kuiacha ipite bila kuitii. Taamuli yenyewe, ambayo siku hizi wengi huiita meditesheni, ni zoezi la kuielekeza akili kwenye jambo moja la wakati uliopo, aghalabu pumzi inavyoingia na kutoka, na kuirudisha hapo kila inapotangatanga. Asili yake ni ya kidini, hasa katika dini ya Kibudha, lakini mafunzo yanayozungumziwa hapa hayamdai mtu abadili imani yake. Matumizi yake hospitalini yalianza kuenea baada ya Jon Kabat-Zinn kuanzisha, mwaka 1979, programu ya wiki 8 katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, akiwalenga zaidi watu wenye maumivu sugu. Waraibu walifikiwa baadaye.

Uhusiano wa kukaa kimya na kuacha sigara hauonekani mpaka mtu aelewe uraibu wenyewe unavyojijenga. Moshi ukishavutwa, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde chache na kuchochea kemikali iitwayo dopamini, ambayo huufunza ubongo kwamba tendo lililotangulia linafaa kurudiwa. Kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa 2 hivi, na kwa hiyo mvutaji wa kila siku huonja upungufu mara nyingi kabla jua halijatua: kukereka bila sababu, kushindwa kutulia, akili kukataa kushika kazi, yaani ile hali ambayo waraibu wenyewe huiita arosto. Sigara inayofuata huiondoa. Mtu huamini kwamba sigara inamtuliza, kumbe sehemu kubwa ya utulivu huo ni kuondolewa kwa adha iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Pamoja na hayo, ubongo huyafungamanisha mazingira na uvutaji: kumaliza mlo, kupokea habari mbaya kwa simu, kusimama karibu na mvutaji mwenzake. Baada ya miaka kadhaa ya mazoea hayo, mkono hufika kwenye pakiti kabla mwenyewe hajaamua lolote.

Mtu anayejaribu kuacha peke yake kwa kawaida hujikaza au hujisahaulisha. Kujisahaulisha kuna kasoro yake, kwa kuwa wazo linalofukuzwa kwa nguvu lina tabia ya kurudi. Kujikaza nako hulegea mtu akichoka, akikasirika au akielemewa na mawazo, na hizo ndizo saa ambazo sigara humwita kwa sauti kubwa zaidi. Mafunzo ya taamuli yanashika njia nyingine. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington aliyetumia maisha yake kuchunguza kwa nini waraibu hurudia ulevi wao, aliifananisha hamu na wimbi: hupanda, hufika kilele, kisha hushuka lenyewe, na kazi ya mtu ni kukaa juu yake hadi lipite. Hamu kali hudumu dakika chache tu, uvute usivute. Mvutaji wa miaka mingi anaweza kuwa hajawahi kulishuhudia hilo hata mara moja, kwa sababu kila ilipoanza kupanda aliwasha. Kwa maoni yangu hapa ndipo kilipo kiini cha mafunzo haya, na mengine yote ni njia za kumfikisha mtu mahali pa kuona jambo hilo kwa macho yake.

Chukua mtu aliyetoka kwenye kikao kirefu na chenye mabishano, akajikuta anapapasa mfuko wa shati. Aliyefunzwa husimama hapo alipo na kujiuliza hamu hiyo iko wapi hasa. Hugundua kwamba koo limekauka, taya zimekazana, kuna kitu kinachobana chini kidogo ya shingo, na vidole viwili vya mkono wa kulia havitulii. Kila kimoja hukipa jina kimoyomoyo: kubana, joto, kuhangaika. Wazo la "moja tu, halafu basi" likija, nalo hutajwa kuwa ni wazo, bila kulijibu wala kubishana nalo. Huendelea kupumua taratibu. Kule kubana hupungua, hurudi kwa nguvu, huhamia kifuani, kisha hufifia kiasi kwamba mtu hujishtukia anafikiria jambo jingine kabisa. Zoezi hilo halina shamrashamra yoyote, na mara ya kwanza huenda lisifaulu. Nguvu yake hutokana na kurudiwa, kwa sababu kila hamu inayopita bila kulishwa hulegeza kidogo fundo lililokazwa kwa miaka.

Kuna zoezi jingine linalowashangaza wengi, nalo ni la kuvuta sigara kwa makini. Badala ya kukatazwa, mvutaji huambiwa awashe na asifanye kingine chochote: asiongee, asishike simu, aifuate harufu tangu cheche ya kwanza, ukali unaobaki ulimini, mkwaruzo kooni, moto unavyokaribia vidole. Wapo wanaogundua kwamba hawakuwa wameionja sigara kwa muda mrefu, na kwamba ladha yenyewe ni mbaya kuliko walivyokuwa wakiikumbuka.

Kuhusu ushahidi, tahadhari inahitajika. Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wa wavutaji 88, uliolinganisha mafunzo haya ya wiki 4 na programu ya kawaida ya shirika la mapafu la Marekani. Ufuatiliaji wa wiki ya 17 ulionyesha kuwa asilimia 31 ya waliofunzwa taamuli hawakuwa wakivuta, dhidi ya asilimia 6 ya wenzao. Mwaka 2013 Yi-Yuan Tang na Michael Posner walieleza kwamba jumla ya saa 5 za mafunzo, zilizogawanywa katika wiki 2, zilipunguza uvutaji kwa asilimia 60, ilhali waliofundishwa kulegeza misuli tu hawakupunguza. Washiriki hao walikuwa wamekuja kujifunza kupunguza msongo, na baadhi yao hawakujua kwamba wamepunguza sigara hadi pumzi zao zilipopimwa. Hata hivyo idadi ya watu ilikuwa ndogo na muda mfupi, na kupunguza ni tofauti na kuacha. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 21 zenye washiriki zaidi ya 8,000, hayakupata ushahidi wa wazi kwamba taamuli inazishinda njia nyingine za kumsaidia mvutaji. Anayeiuza kama tiba ya uhakika anasema zaidi ya yanayojulikana.

Nafasi yake inayofaa, basi, ni kando ya tiba nyingine. Taamuli haiondoi upungufu wa nikotini mwilini, ambao huwa mkali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo; kazi hiyo hufanywa na plasta na chingamu za nikotini, au dawa kama vareniklini, kwa ushauri wa mtaalamu wa afya. Mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa akili, au aliyepitia mateso yanayomrudia akikaa kimya, aonane na mtaalamu kabla ya kuanza.

Suala la kuteleza nalo lina mahali pake katika mafunzo haya. Marlatt aliona kwamba sigara moja ya bahati mbaya mara nyingi haimrudishi mtu kwenye uraibu kwa nikotini yake pekee. Humrudisha kwa hukumu anayojipa baada yake, kwamba ameshindwa na hakuna haja ya kuendelea. Kwa hiyo mkufunzi hamkemei aliyeteleza. Humuuliza dakika chache kabla ya kuwasha alikuwa wapi, mwili wake ulikuwaje, na ni wazo gani lililotangulia mkono, na zoezi linalofuata huanzia hapo.