Wanyama wa Kaskazini ya Mbali: Si Joto Pekee, Tazama Theluji

Picha ya Aktiki inayotufikia mara nyingi ni moja: dubu mweupe juu ya kipande cha barafu, joto limepanda, barafu inayeyuka, basi. Picha hiyo haisemi uongo, ila imezaa hitimisho nyingi za haraka. Ni kweli kwamba tangu 1979 ukanda huo umepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Hata hivyo, wanyama wengi wa huko hawafi kwa joto lenyewe. Kinachowaponza ni maji: yameanguka yakiwa theluji au mvua, yameganda lini, na yamekaa yameganda muda gani.

Dhana: Baridi ikipungua, wanyama wanaokula majani watanufaika

Chukua reindia, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi. Majira ya baridi hula likeni, viumbe kama ukungu mkavu vinavyoota ardhini na kwenye miamba, na majani makavu yaliyofunikwa na theluji. Huyanusa akiwa juu, kisha huchimba kwa kwato. Theluji laini, hata ya nusu mita, haimshindi. Mvua ndiyo humshinda. Ikinyesha juu ya theluji, maji hupenya hadi chini, hukutana na ardhi iliyoganda na kugeuka bamba la barafu lililong'ang'ania mimea. Harufu ya chakula haipiti, kwato haivunji, na mnyama hufa njaa akiwa amesimama sentimita chache juu ya chakula chake.

Rasi ya Yamal, Urusi, ilishuhudia hali hiyo Novemba 2013. Mvua ilinyesha juu ya theluji, baridi kali ikafuata, na bamba likakaa hadi majira ya kuchipua. Kati ya reindia 275,000 wa wafugaji wa Kinenet, wenyeji wa rasi hiyo, 61,000 walikufa. Miaka kumi kabla yake, Oktoba 2003, mvua ya namna hiyo iliua takriban ng'ombe-miski 20,000, wanyama wakubwa wenye manyoya marefu wanaokula majani, katika kisiwa cha Banks, Kanada. Hakuna aliyepigwa na joto pale. Bahari iliyochelewa kuganda hupeleka unyevu na hewa vuguvugu nchi kavu wakati ambao ilipaswa kuwa imefunikwa, na ndiyo maana watafiti wa Yamal hutazama kwanza bahari za Barents na Kara.

Lakini msikimbilie upande wa pili na kudai kwamba reindia wote wanaisha. Kisiwani Spitsbergen, katika visiwa vya Svalbard vya Norwe, kiangazi kirefu kimeleta majani mengi na idadi yao kwenye mabonde kadhaa imepanda. Kilichopungua ni uzito: majike wazima waliozaliwa 2010 walikuwa wepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko waliozaliwa 1994. Wananenepa kiangazi, wanashika mimba kwa wingi, halafu wengi wanagombania vipande vichache visivyofunikwa na barafu. Wengine hushuka pwani kula mwani, chakula cha kubahatisha kisichowajaza nguvu. Kwa hiyo anayehesabu vichwa tu, bila kupima mizani, atadanganyika.

Dhana: Wakipata njaa, wapelekewe nyasi tu

Kosa hili lina nia njema na huua. Tumbo la kwanza la reindia lina vijidudu vinavyomeng'enya chakula, na baada ya miezi ya likeni ni vile vya likeni ndivyo vimetawala. Ukimmwagia nyasi ngumu mnyama aliyekwisha dhoofika, atakula hadi ashibe na kufa tumbo likiwa limejaa, kwa sababu hakuna vijidudu vya kuzivunja. Nafaka nyingi za ghafla ni mbaya zaidi: huchachuka, tindikali hupanda, mnyama huharisha na kuanguka.

Wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norwe, Uswidi na Ufini, huanza kulisha mapema, mnyama akiwa bado na nguvu. Siku za kwanza ni likeni na konzi chache za chakula cha punje kilichotengenezwa kwa ajili ya reindia. Punje huongezwa kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili, hadi kufikia takriban kilo 2 kwa siku kwa mnyama mzima. Vihori viwe vingi na vitawanywe, la sivyo wenye pembe kubwa huwafukuza ndama na wadhaifu. Theluji safi au maji visikosekane. Chakula chenye ukungu kitupwe. Na hata ukifuata yote hayo, kuwarundika pamoja kunaleta maradhi ya macho yanayoambukizana zizi zima. Kwa makundi ya mwituni yaliyotawanyika kwenye tandra, nyika baridi isiyo na miti, njia hii haifai kabisa.

Dhana: Theluji ni adui

Theluji ni blanketi. Ikifika sentimita 20 hivi na ikiwa bado laini, ardhi iliyo chini yake hukaa karibu na nyuzi 0 hata hewa ya juu ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Joto la ardhi hugeuza theluji ya chini kuwa chembe kubwa zilizolegea, na katika uwazi huo lemingi, panya wanene wa tandra, hutembea, hula mosi, vimea vidogo laini kama zulia, na mimea mingine, hata huzaa katikati ya majira ya baridi. Mvua ikiingia, uwazi huziba na chakula hunaswa kwenye barafu. Kusini mwa Norwe, mlipuko wa idadi ya lemingi uliokuwa ukirudi kila miaka mitatu hadi mitano ulififia baada ya 1994, na watafiti waliuhusisha na ubora wa theluji. Bundi weupe na mbweha wa Aktiki wanaowategemea hukosa kuzaa.

Sili wa barafuni naye hujenga pango la kuzalia ndani ya theluji iliyorundikana juu ya barafu ya bahari. Mvua ya mapema huliporomosha, na mtoto hubaki wazi mbele ya dubu.

Dhana: Sungura huwa mweupe theluji inapoanguka

Hapana. Urefu wa mchana ndio unaoamuru. Theluji ikichelewa, sungura wa theluji wa Amerika Kaskazini hubaki mweupe juu ya udongo wa kahawia na huonekana kutoka mbali. Huko Montana, Marekani, walioachana rangi na mazingira walipunguziwa nafasi ya kuishi kwa hadi asilimia 7 kila wiki. Wapo, hasa karibu na pwani ya Pasifiki, ambao hawageuki weupe kamwe. Hiyo ni tofauti ya kijeni. Sehemu zenye weupe na kahawia pamoja ndizo zinazostahili kulindwa kwanza, kwa kuwa mageuko yana malighafi pale.

Dhana: Dubu weupe wameongezeka, kwa hiyo hakuna tatizo

Mkataba wa 1973, uliotiwa saini Oslo na nchi tano, ulidhibiti uwindaji, na baadhi ya makundi yalirudi. Madai kwamba miaka ya 1960 walikuwa 5,000 yanategemea makisio, si hesabu. Kadirio la 2015 la dunia nzima ni takriban 26,000. Hali inatofautiana: Ghuba ya Hudson magharibi, Kanada, hesabu ya kutoka angani ilitoa 842 mwaka 2016 na 618 mwaka 2021.

Husemwa pia watajifunza kula vya nchi kavu. Huko huko Hudson, dubu 20 walifungwa kamera shingoni: waliokula matunda, ndege na mizoga, na waliolala tu, karibu wote walipungua, kwa wastani wa kilo 1 hivi kwa siku. Nguvu ya kutafuta humeza kilichopatikana. Wanachohitaji ni mafuta ya sili, na sili hukamatwa juu ya barafu. Hata hivyo, dubu mmoja aliyekonda kwenye video si ushahidi wa lolote. Huenda ni mzee au mgonjwa.

Mjini Churchill, Manitoba, kando ya ghuba hiyo hiyo, dubu msumbufu hukamatwa, huwekwa kwenye kizuizi maalumu na kupewa maji bila chakula, ili asihusishe watu na mlo. Baadaye hupelekwa mbali kwa helikopta au huachiliwa ghuba ikiganda.

Dhana: Watahamia kaskazini zaidi

Kaskazini ina mwisho. Baada yake ni bahari. Na nyuma yao wanafuata wengine. Mbweha mwekundu, mkubwa zaidi, hupanda tandra akisaidiwa na uvuguvugu, takataka na mizoga, huteka mapango ya mbweha wa Aktiki na kuua watoto wao. Mwaka 2000 hivi, Skandinavia ilibaki na mbweha wa Aktiki wazima 40 hadi 60, ingawa Uswidi iliwalinda tangu 1928 na Norwe tangu 1930. Sheria peke yake haikutosha. Kilichofanya kazi ni mambo matatu kwa pamoja: masanduku ya chakula cha mbwa yenye tundu dogo lisilopitisha mbweha mwekundu, kupunguza mbweha wekundu, na kuzalisha wengine katika kituo cha Norwe na kuwaachia. Leo ni mamia, na 2022 Ufini ilipata watoto wa kwanza tangu 1996.

Dhana: Hayo ni ya huko, pwani yetu haihusiki

Vitwitwi wenye mdomo uliopinda wanaojaa Mida Creek karibu na Watamu, na kwenye matope ya delta ya Rufiji, huzaliana kwenye tandra ya Siberia. Lemingi wakiwa wengi, mbweha hushiba na kuwaacha ndege hawa. Lemingi wakiisha, huvamia mayai na makinda. Anayehesabu ndege hawa mwezi Oktoba na Novemba anaweza kuliona hilo. Kinda wa mwaka huo ana manyoya ya mgongoni yenye kingo nyeupe kama magamba, mzima ana mgongo wa kijivu usio na mistari hiyo. Makinda wakiwa wachache sana katika kundi kubwa, msimu wa Siberia uliharibika. Hesabu hiyo ifanyike maji yakiwa yanajaa, ndege wakiwa wamesongamana karibu, na ichukuliwe sehemu kadhaa za kundi, kwa sababu makinda huwa wanasimama pembeni.